Uji wa Dohani

Siku Dohani alipokubali kuacha sigara, aliyetetemeka hakuwa yeye. Aliyetetemeka ni dada yake, mwenye mashine ya kusaga, yule yule aliyekuwa akimpigia kelele miaka nenda miaka rudi aziache. Sasa ndugu yake amekubali, wamekaa pamoja kwenye benchi la kliniki, na dada mtu ameibana mikono katikati ya magoti ili isionekane inavyocheza.

Jina la Dohani hakupewa na wazazi. Alilipata kibarazani kwake, ukuta kwa ukuta na mashine ya dada yake, alikokuwa akitengeneza makufuli na kuchonga funguo huku sigara iko mdomoni tangu anafungua hadi anafunga. Mtu akiulizia fundi wa kufuli, anaambiwa nenda mbele, ukiona moshi umefika. Mwenyewe alilipenda jina hilo, maana alikuwa mtu wa mzaha, na mzaha ndio uliomficha. Kifungua kinywa chake kilikuwa sigara mbili na chai kavu, na mchana akila matonge matano amekula sana. Mwili ulikwisha, shati likawa linaning'inia, kikohozi kikawa kinamtangulia kila aendako. Daktari alimsikiliza kifua akamwambia bila kupindisha maneno: mapafu yamechoka, na mwili hauna akiba ya kupigana. Akaandika kikaratasi, akamtuma chumba cha juu.

Chumba cha juu kilikuwa na meza mbili zilizogusana. Kwenye moja alikaa mshauri, mwanamume wa makamo mwenye mvi za pembeni, ambaye naye zamani alivuta. Kwenye nyingine alikaa binti wa lishe, na mizani yake na utepe wa kupimia mkono. Sharti lao lilikuwa moja: mgonjwa aje na mtu anayempikia.

"Kichwa chake ni kazi yangu," mshauri alisema, "tumbo lake ni la mwenzangu huyu. Ukishughulikia kimoja ukaacha kingine, mtu anarudi kwenye sigara kabla hujamaliza kumpongeza."

Binti wa lishe akamgeukia dada. "Njaa na hamu ya sigara ni mapacha, mama. Mtu akiwa na tumbo tupu hajui ni nani anayemwita. Hamu ikija haikai, ni dakika chache tu. Hizo dakika ndizo tunazozilisha. Maji, tunda, karanga, au kikombe cha uji. Utasaga mtama, soya na karanga. Una mahali pa kusagia?"

"Nina mashine yangu mwenyewe."

"Basi leo nimepata mwenzangu!" binti akasema, akacheka kwa furaha ya kweli.

Mwisho mshauri akamwambia Dohani atoe sigara zote alizo nazo amkabidhi mtu anayemwamini. Dohani akatoa pakiti kutoka mifuko yote, mpaka ya soksi, akamwekea dada yake mapajani. "Wazike vizuri," akasema. "Wamenitumikia." Watu wakacheka. Mshauri akamuuliza Dohani anaogopa nini zaidi katika safari hii, akamsikiliza kwa makini, akaandika. Dada hakuulizwa.

Angeulizwa, angesema nini? Angesema kwamba baba yao aliacha sigara siku ya Jumatatu, na wiki ya tatu wakamzika. Angesema kwamba ni yeye, kwa mkono wake huu, aliyeichomoa pakiti kwenye mfuko wa shati la mzee akaitia motoni mzee aliposema basi, na akajisifu. Mzee alitoka jasho, akakonda, akakata kauli. Msibani shangazi yao alimwambia mbele ya watu: "Mwili ukizoea kitu, huunyang'anyi kwa siku moja. Ungemwachia baba yako sigara yake, leo tungekuwa naye." Neno hilo lilimwingia likakaa. Baada ya hapo aliendelea kumpigia Dohani kelele aache, lakini zilikuwa kelele kama za mtu anayeifokea mvua. Alijua haitamsikia.

Sasa imemsikia. Na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Jioni ile dada aliisafisha mashine, akasaga unga kama alivyoagizwa, laini, wenye harufu nzuri ya karanga. Akausimamia akiutazama. Yeye hakusagia watu tu, alichanganya pia chakula cha kuku, na wafugaji wote wa mitaa ile walilijua onyo lake, maana alilirudia mpaka wakamwigiza: usibadilishe chakula kwa siku moja. Changanya cha zamani na kipya, kila siku punguza cha zamani kidogo, mpaka kuku asahau. Waliompuuza walirudi wakilia, kuku wamegoma kutaga, wengine wamelala miguu juu. Kwa miaka yote hiyo kanuni hiyo haikuwahi kumwangusha.

Basi kama kuku hatendewi hivyo, mdogo wake atendewe?

Hakuwa mjinga, na hilo ndilo linaloniuma ninapoisimulia habari hii. Mjinga angeogopa, akakaa. Yeye alikuwa na ujuzi wake. Alizipasua sigara moja moja nyuma ya mashine, akaitwanga tumbaku kwenye kinu kidogo, akaichekecha kwa chekeche la matundu madogo kuliko yote, akatia kijiko kimoja kwenye kopo la unga wa Dohani. Akatia tangawizi nyingi ili kuficha ladha. Alipanga kesho atie pungufu ya leo, na keshokutwa pungufu zaidi, mpaka mwili wa ndugu yake usahau bila kukasirika. Alipomaliza alihisi nafuu, kwa mara ya kwanza tangu kliniki.

Asubuhi Dohani alikunywa kikombe chote. Akakunja uso.

"Dada, uji wako unapiga."

"Tangawizi hiyo. Kunywa, inasafisha kifua."

"Inasafisha au inakwangua?" Akacheka, akaomba kingine.

Siku mbili za kwanza alikuwa mkali kama pilipili, akagombana hata na kufuli. Hayo mshauri alikuwa ameyasema: hasira, kukosa usingizi, kichwa kuuma. Lakini siku ya tatu, kila baada ya uji, Dohani alianza kutema mate yasiyokwisha. Jasho jembamba la baridi likamtoka kwenye paji la uso. Alikwenda nyuma ya nyumba akatapika, akarudi akiifuta midomo, akasema kwa mzaha kwamba sigara zinatoka kwa mlango zilioingilia.

Dada hakucheka. Aliliona lile jasho, akaona jasho la baba yake. Ndiyo hiyo, akajiambia, imeanza. Nimepunguza upesi mno. Usiku huo hakupunguza kijiko. Aliongeza. Na kesho yake Dohani alipozidi kulegea, akaongeza tena, kidogo tu, haba na haba, na kila aliyemwona akichekecha nyuma ya mashine alidhani dada wa watu anamhangaikia ndugu yake. Na kweli alikuwa akimhangaikia. Alikuwa akimwua kwa huruma zote alizo nazo, na kila dalili ya sumu aliisoma kuwa ni dalili ya kukosa sumu.

Siku ya kumi walirudi kliniki. Binti wa lishe alimpandisha Dohani kwenye mizani, akaitazama, akamshusha, akampandisha tena. Uzito ulikuwa umepungua. "Unakula kweli?" akauliza.

"Uji ninakunywa mpaka nasikia aibu. Tatizo haukai."

Mshauri akampa kifaa cha kupuliza, kile kinachopima moshi ndani ya kifua. Dohani akapuliza mpaka macho yakamtoka. Kifaa kikaonyesha kifua safi. Mshauri akapiga makofi, na wagonjwa wengine waliokuwa wakisubiri wakapiga makofi, na Dohani, mifupa mitupu, akainama kama mwanasiasa. Kisha wakapima mkojo. Mshauri akakitazama kile kipande cha kipimo kwa muda mrefu. Akamwita binti wa lishe, naye akakitazama. Wakawaita ndugu wawili ndani, wakafunga mlango.

"Kaka," mshauri akasema polepole, "kifua hakina moshi. Lakini mwili una tumbaku. Nyingi. Labda unatafuna, labda unanusa. Hapa hatufukuzi mtu wala hatumgombezi. Tunataka ukweli tu."

"Sijagusa."

"Wengi huanza hivyo. Wanaacha kuvuta, wanaona kutafuna si..."

"Nimesema sijagusa!" Dohani alisimama, akalazimika kukaa tena kwa kizunguzungu. Mzaha ulimtoka usoni wote. "Kaburi la baba yangu lile. Sijagusa tumbaku tangu siku ile nilipompa huyu hapa. Muulizeni."

Wote wakamtazama dada.

Alijua kwamba akisema, watauchukua ule unga, na Dohani atabaki mtupu ghafla kama baba, na wiki ya tatu inakuja. Asiposema, ndugu yake atatoka mlango huu akiwa mwongo. Akazipima mbili hizo kama anavyopima nafaka. Mwongo anaweza kuja kuombwa radhi. Maiti haiombwi.

"Mimi sijamwona akitafuna," akasema, na ilikuwa kweli, na ndiyo maana ilimchoma.

Mshauri akashusha pumzi. "Basi tuendelee. Hamu ikija, usibishane nayo. Kunywa uji. Ikirudi, kunywa tena."

Njiani Dohani alitembea akisimama kila mara kupumua. Walipokaribia nyumbani akauliza, "Dada, wewe unaniamini?"

"Nakuamini."

"Wewe peke yako basi." Akajifuta jicho kwa mkono wa shati, asijali nani anamwona. "Nitawaonyesha. Kuanzia kesho sili kitu kingine. Uji tu. Watapima mpaka kipimo kiishe."

"Usizidishe, mdogo wangu. Kikombe kimoja kinatosha."

"Mshauri amesema kila hamu ikija. Mimi hamu inakuja kila nikipumua."

Hapo alikuwa na nafasi. Angeweza kulimwaga lile kopo usiku ule ule, na mara mbili alilishika, na mara mbili hofu ikamrudisha. Alichoweza ni kutokuongeza.

Kesho yake Dohani aliweka chupa ya uji chini ya meza yake ya kazi. Kabla ya adhuhuri alikuwa amekunywa vikombe vinne. Dada alikuwa akimsagia mteja mahindi aliposikia kishindo cha kiti kikianguka upande wa pili wa ukuta. Aliizima mashine. Katika ule ukimya alisikia sauti ya mtu anayekoroma akiwa macho.

Dohani alikuwa chini, mgongo umeegemea meza, mate yanamtiririka kidevuni, mikono inatetemeka kwa namna ambayo mtu hawezi kuiigiza. Mboni za macho zilikuwa zimesinyaa zikawa ndogo kama punje. Kwenye jiliwa la kubania funguo, ufunguo ulibaki umechongwa nusu.

Maji yamezidi unga, dada akajua. Lakini bado hakujua ni maji gani. Alichoona ni baba yake akifa mara ya pili, na safari hii alikuwa na dawa. Alikimbia nyuma ya mashine, akatoa pakiti ya mwisho aliyoificha chini ya magunia, akawasha sigara kwa mikono miwili, akarudi akapiga magoti akamwekea ndugu yake mdomoni.

"Vuta! Dohani, vuta! Moja tu, mwili utulie, vuta nakuomba!"

Dohani aliitazama ile sigara. Aliitazama pakiti iliyoanguka kando, akaitambua, maana alikuwa ameiandikia namba ya simu ya mteja kwa kalamu yake mwenyewe. Akamtazama dada yake. Kisha akayabana meno. Dada akaisukuma, naye akageuza uso, akabana meno mpaka taya zikamsimama, mate yakipita katikati, akatikisa kichwa. Hakuwa na nguvu ya kuinua mkono, lakini ya kukataa alikuwa nayo.

Pale ndipo dada alipopiga ukelele. Yule mteja wa mahindi akaja mbio, wakamwinua, wakampakia kwenye gari la mwenye duka la jirani.

Hospitalini daktari wa zamu alimfungua Dohani macho, akamnusa mdomo, akageuka. "Huyu amekula nini?"

Dada alitazama mlango. Alijua kwamba neno moja litatosha, na kwamba baada ya neno hilo hatakuwa tena dada yule aliyeingia hapa. Ndani ya kifua mambo mawili yalikuwa yakipigana, hofu ya kusema na hofu ya kunyamaza, na kwa mara ya kwanza ya pili ikawa kubwa.

"Tumbaku," akasema. "Nimemlisha mimi. Kwenye uji. Tangu siku ya kwanza."

Daktari hakuwa na wakati wa kumlaumu, na huo ndio ulikuwa wema wake. Alipiga kelele watu wakaja, pazia likavutwa, na dada akaachwa nje, akisikiliza mashine ngeni ikilia kwa kila pigo la moyo wa mdogo wake. Kila ilipochelewa, na yeye alibana pumzi.

Ilichelewa sana mara moja tu. Kisha ikaendelea.

Mshauri na binti wa lishe walifika kesho yake. Binti hakuketi. "Nilikuita mwenzangu," akasema, machozi yanamlengalenga. "Nilikupa chakula cha kumponya, ukakigeuza sumu. Tumbaku ya kuliwa si kama ya kuvutwa, mama! Inakwenda yote tumboni!" Akatoka, na hakuna aliyemzuia, maana alikuwa na haki yake.

Mshauri alikaa. Aliuliza, na dada akamweleza yote, baba, pakiti, moto, shangazi, kuku.

"Baba yako, kabla hajaacha, alikuwa mzima?"

"Alikuwa akitema damu. Karibu mwaka. Alificha leso." Mficha maradhi kifo humwumbua, na dada ndiye aliyekuwa akizifua zile leso.

"Wengi huacha pale mwili unapowakataza wenyewe," mshauri akasema. "Unaona aliacha akafa. Mimi naona alikuwa anakufa ndiyo maana akaacha. Hukumwua." Akasugua uso kwa viganja. "Na mimi nilimuuliza yeye anaogopa nini. Wewe ulikuwa umekaa pale pale, nisikuulize. Hilo ni langu."

Neno la shangazi lilikuwa limekaa ndani ya dada miaka mingi, halikutoka kwa siku moja. Alimwamini mshauri akiwa mbele yake. Akiwa peke yake, aliogopa upya. Kwa sababu sasa Dohani alikuwa ameacha kweli, pasipo hata chembe, na hakuna tena kitu ambacho yeye angeweza kumfanyia.

Dohani alirudi nyumbani akitembea mwenyewe. Hakumgombeza dada yake. Afadhali angemgombeza. Alimsalimu, akapita, akanunua mikate na ndizi akala kibarazani, mgongo ameupa mashine. Dada alimsikiliza kupitia ukutani. Akikohoa, aliogopa. Asipokohoa, aliogopa zaidi, akaenda kuchungulia akisingizia ufagio. Siku nne zilipita hivyo, kisha tano.

Siku ya sita asubuhi Dohani aliingia kwenye mashine akiwa na mfuko. Mtama, soya, karanga, amevichagua na kuviosha mwenyewe, amevianika mwenyewe. Akavimwaga kwenye beseni.

"Saga," akasema.

Dada alipitisha kwanza nafaka ya kusafishia, akaitupa. Akapitisha nyingine, akaitupa. Dohani alisimama kwenye mdomo wa mashine, kiganja kimekinga unga unapotoka, asiondoe macho. Uliposagika wote aliubeba, akaenda nao kwake. Dada akasikia sufuria, akasikia mwiko, akasikia harufu ya uji unaoungua kidogo chini, maana ndugu yake hakuwahi kupika maishani.

Alirudi na mabakuli mawili. Moja akaliweka mbele ya dada, juu ya gunia, jingine akalishika mwenyewe. Akaketi.

Dada aliutazama ule uji. Mvuke ulimpanda usoni. Alijua umetoka kwenye jiwe lake, ameuona kwa macho yake ukisagwa, lakini baada ya hapo ulikwenda upande wa pili wa ukuta, akasikia sufuria tu. Ndugu yake alikuwa na sababu ya kulipiza. Mkono wake haukuinuka. Akahisi mate yakimjaa mdomoni, na jasho, lile lile jembamba, likimtoka kwenye paji la uso, na akaelewa kitu ambacho mshauri na daktari wote hawakuweza kumwelewesha: ilivyo kupewa bakuli na mtu wako usijue ametia nini.

"Mbona hunywi, dada?"

"Naogopa," akasema.

"Hata mimi," Dohani akasema. Bakuli lake lilikuwa bado limejaa, na mikono iliyolishika ilikuwa ikitetemeka. "Kila ukipita mlangoni na sufuria. Sasa nani aanze?"

Dada aliinua bakuli lake. Uji ulikuwa umeungua, haukuwa na sukari, na ulikuwa wa moto mno. Aliunywa wote, bila kulishusha, huku ndugu yake akilitazama koo lake.